Tusimtafute Mchezaji Mbaya, Tumtafute Kinyozi

Katika vijiji vya Delta ya Rufiji, tangu Nyamisati hadi Mbwera, na katika mji wa Kibiti ulioko kando ya barabara kuu iendayo kusini, kuna mjadala mmoja usiokwisha. Maji yajapo na yaondokapo, mpunga upandwapo na uvunwapo, wapenzi wa kandanda hawaachi kuulizana: ni nani mchezaji mbaya kuliko wote waliopata kuvaa jezi ya Taifa Stars? Huyu humtaja golikipa aliyepitwa na mpira wa mbali. Yule humtaja beki aliyejifunga. Wa tatu humtaja mshambuliaji aliyekosa bao lango likiwa wazi. Sauti hupanda, chai hupoa, na adhana ya Isha huwakuta bado hawajapatana.

Wako viongozi wayaonao mazungumzo hayo kuwa ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Hatukubaliani nao. Wilaya ya Kibiti haijaisahau miaka ya 2016 na 2017, ambapo viongozi wa vijiji, askari polisi na raia wasio na hatia waliuawa, na katika mwaka huo wa 2017 pikipiki za abiria zikapigwa marufuku kutembea kuanzia saa 12 jioni. Nyakati zile baraza zilinyamaza mapema, na milango ilifungwa kabla giza halijaingia. Kijiji ambacho watu wake hubishana usiku kwa sauti kubwa juu ya beki wa kushoto ni kijiji chenye amani. Basi na wabishane.

Lakini pamoja na kuyatetea mazungumzo, yatupasa tuseme wazi kwamba swali lenyewe limekaa upande. Linasahau mchezaji wa taifa ni mtu wa namna gani. Linapima watu kwa mizani isiyo sawa. Na, kubwa kuliko yote, linawaacha wenye dhamana wakipita kimya kimya nyuma ya mgongo wa kijana mmoja. Tutayatazama mambo hayo matatu moja moja, kisha tuseme yanatuhusu vipi sisi watu wa visiwani na viongozi wetu.

La kwanza ni hili. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Kikosi kinachokwenda kushindana katika Kombe la Mataifa ya Afrika hakifiki watu 30. Kwa hiyo huyo tumwitaye mbaya kuliko wote, siku alipoitwa, alikuwa amewapita mamilioni ya vijana wenzake. Aliye wa mwisho katika mstari huo bado yuko mbele ya kila mtu aketiye barazani akimcheka. Kusema hivi si kumwondolea lawama alipokosea, bali ni kuanza hesabu mahali pake.

Tazameni habari za Mbwana Samatta. Mwezi Novemba 2015 alikuwa ametoka kutwaa ubingwa wa klabu bingwa Afrika akiwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, na Januari 2016 akatangazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara hili. Novemba hiyo hiyo alifunga bao Dar es Salaam katika sare ya 2-2 kati ya Tanzania na Algeria, na siku tatu baadaye, tarehe 17, mjini Blida, taifa likapigwa mabao 7-0. Ikiwa timu yenye mchezaji bora wa namna hiyo yaweza kufungwa 7, basi 7 hizo haziwezi kuelezwa kwa jina la mtu mmoja, awe mzuri au mbaya. Tena Samatta huyo huyo alipokwenda Aston Villa ya Uingereza mwaka 2020, alifunga bao 1 katika mechi 14 za ligi, akafunga na katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, kisha akaondoka. Kwa Mtanzania alikuwa shujaa wa kwanza kucheza ligi kuu ya Uingereza. Kwa shabiki wa kule bao 1 lilikuwa haba. Mtu ni yule yule na miguu ni ile ile, ila kipimo ndicho kilichobadilika.

Hapo tunafika kwenye jambo la pili, yaani mizani. Wazee wetu hupenda kusema kwamba wachezaji wa kweli walikuwa wale wa mwaka 1980, na kwamba waliokuja baadaye ni kivuli tu. Heshima ya kikosi kile haina ubishi. Kiliitoa Zambia mwaka 1979 kwa ushindi wa 1-0 Dar es Salaam na sare ya 1-1 mjini Ndola, Peter Tino akifunga bao lile ambalo jina lake halitasahaulika. Kiliongozwa na nahodha Leodegar Tenga, kikifundishwa na Slawomir Wolk wa Poland pamoja na Joel Bendera. Hata hivyo, huko Lagos kilifungwa 3-1 na Nigeria, kikafungwa 2-1 na Misri, kikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast, kikashika mkia katika kundi lake kwa pointi 1.

Sasa tulinganishe. Kikosi cha mwaka 2019 kilichokwenda Misri baada ya ukame wa miaka 39 kilifungwa na Senegal 2-0, Kenya 3-2 na Algeria 3-0, kikarudi mikono mitupu. Kikosi cha Januari 2024 kilifungwa na Morocco 3-0, kikatoka sare ya 1-1 na Zambia na suluhu na Kongo: pointi 2. Kikosi kilichokwenda Morocco Desemba 2025 kilifungwa na Nigeria 2-1, kikatoka sare ya 1-1 na Uganda na tena 1-1 na Tunisia, kikaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, kikatolewa na wenyeji kwa bao 1-0 tarehe 4 Januari 2026. Kwa pointi tupu, wale waliokejeliwa mwaka 2024 waliwazidi mashujaa wa 1980. Mwenye kuitetea 1980 atajibu, na kwa haki, kwamba enzi zile fainali zilikuwa za timu 8 tu, na leo ni 24. Kufika kwenyewe kulikuwa ni ushindi. Naam, hivyo ndivyo mjadala wa watu wazima unavyokwenda: hoja kwa hoja, na kila zama kwa kipimo chake.

Iko sababu nyingine isiyotajwa. Mwaka 1980 Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Watu wa huku waliwafuata wachezaji wao kwa redio, wengine wakiwa juu ya dungu wakilinda mpunga. Sikio ni jirani mwema: husikia kwamba mpira umetoka nje, likamsamehe aliyeutoa. Jicho halisamehi. Kijana wa leo akikosea pasi moja, kosa lake huonyeshwa mara 10 katika banda la mpira, kisha likahamia kwenye simu za mkononi, likafika Mafia kabla boti halijang'oa nanga Nyamisati. Hatuna hakika kwamba mabeki wa zamani hawakuwa na makosa kama haya. Tuna hakika kwamba sisi hatukuyaona.

Na mizani hiyo ina ufa mwingine, nao ni wa Simba na Yanga. Aghalabu mpenzi wa Simba akiulizwa mchezaji mbaya wa taifa humtaja mtu wa Yanga, na mpenzi wa Yanga humtaja mtu wa Simba, na wote wawili huapa kwamba wanasema kwa uchungu wa nchi. Klabu hizi zimekuwapo tangu miaka ya 1930, nazo zimetujengea soka letu. Hatuzilaumu kwa kupendwa. Lakini ushahidi wa adui wa mtu haukubaliwi hata mbele ya baraza la kata. Kwa nini ukubaliwe mbele ya taifa?

Jambo la tatu ndilo zito. Hayati Mzee Ali Hassan Mwinyi, mzaliwa wa Mkuranga, majirani zetu wa kaskazini, alipokuwa Rais aliifananisha timu ya taifa na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila kinyozi hujifunzia kunyoa. Neno hilo limeishi kuliko mechi iliyolizaa. Kila tunapofungwa hulitamka tukicheka, na kwa kicheko hicho huwa tunawakusudia wachezaji. Lakini tulitazame vizuri fumbo la Mzee. Mwendawazimu hanyolewi vibaya kwa sababu nywele zake ni mbovu. Hunyolewa vibaya kwa sababu hana ndugu wa kusimama pembeni na kumwuliza kinyozi: wewe ni nani, umejifunza wapi, na wembe huo umeunoa lini? Aibu ya kichwa kile ni aibu ya jamaa zake.

Basi na tuwahesabu vinyozi. Katika muda wa miaka 10, tangu 2014 hadi 2024, timu ya taifa ilipita mikononi mwa Mart Nooij, Charles Boniface Mkwasa, Salum Mayanga, Emmanuel Amunike, Etienne Ndayiragije, Kim Poulsen, Honour Janza, Adel Amrouche na Hemed Suleiman. Ni makocha 9. Amunike aliipeleka timu Misri mwaka 2019, na mwezi ule ule ilipotolewa naye akaondolewa. Amrouche aliifikisha Ivory Coast, lakini baada ya mechi moja tu akafungiwa na Shirikisho la Afrika kwa maneno yake mwenyewe juu ya Morocco, kikosi kikaachwa kwa msaidizi katikati ya safari. Msaidizi huyo, Hemed Suleiman, aliifikisha timu katika fainali za 2025 kwa kuifunga Guinea 1-0 tarehe 19 Novemba 2024, bao la Simon Msuva. Na kabla ya fainali zenyewe kuanza, kazi ikakabidhiwa kwa Miguel Gamondi. Inawezekana kila uamuzi ulikuwa na sababu zake, na matokeo ya Morocco hayakuwa mabaya. Lakini mabaraza yetu yamekesha yakimjadili beki, na sijasikia hata moja lililokesha likiuliza kwa nini aliyelima si yeye aliyevuna, mara 3 mfululizo.

Hiyo ndiyo hasara kubwa ya swali la mchezaji mbaya: ni pazia. Jina la kijana likishatajwa, hakuna tena anayeuliza maandalizi yalikuwa ya siku ngapi, ratiba ya ligi ilipangwaje, na mchujo wa vijana ulifanyika wapi.

Tena si pazia tu, ni dhuluma, na dunia imekwisha kutuonyesha mwisho wake. Moacir Barbosa alikuwa golikipa wa Brazil iliyotwaa ubingwa wa Amerika ya Kusini mwaka 1949. Tarehe 16 Julai 1950, katika uwanja wa Maracanã, Uruguay ikaifunga Brazil 2-1, na bao la pili likapita upande wake wa karibu na mlingoti. Aliishi karibu miaka 50 zaidi, hadi 2000, na taifa lake halikumwachia siku ile. Andrés Escobar wa Colombia alijifunga bao mbele ya Marekani tarehe 22 Juni 1994. Tarehe 2 Julai, siku 10 tu baadaye, alipigwa risasi akafa mjini Medellín. Hatusemi kwamba Kibiti ni Medellín. Tunasema kwamba ulimi ndio unaotangulia, na mkono hufuata.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kupita shuleni tulifundishwa mapema ubaya wa kudharau watu na kuwabandika majina ya kejeli, kwa kuwa huenda anayechekwa ni bora kuliko anayecheka. Na tuliolelewa katika Chama tulifundishwa kwamba kosa la mtu hujadiliwa kikaoni, naye mwenyewe akiwapo, apate kujitetea na kujisahihisha. Mafundisho haya mawili yametoka vyanzo mbalimbali, lakini yakutana hapa: kosa huzungumzwa, mtu hatupwi.

Atatokea mtu aseme: je, tusikosoe? Jezi ya taifa ni mali ya umma, na anayeivaa kwa uzembe asiambiwe? Aambiwe. Mchezaji anayechelewa kambini, anayekataa kukaba kwa kuwa amechoka na mechi za klabu, anayegombana na refa na kuwaacha wenzake 10, huyo aambiwe hadharani na kwa jina la kosa lake. Aliyejaribu akashindwa hayuko fungu moja na ambaye hakujaribu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenga ukosoaji na matusi, nayo ndiyo tunayowaomba wana baraza waishike.

Sasa turudi Delta. Kati ya majina yote yanayotajwa katika mabaraza ya Salale, Msala, Maparoni, Kiongoroni na Mbuchi, ni mara ngapi hutajwa jina la kijana aliyetoka kata hizo? Hapa ndipo swali lingestahili kugeuzwa. Badala ya kuuliza nani alikuwa mbaya kuliko wote walioitwa, tuulize ni nani alikuwa mzuri na hakuitwa kamwe. Huyo wa pili ni hasara kubwa zaidi kwa nchi, kwani wa kwanza angalau alipimwa.

Vikwazo vyake havihitaji mtaalamu wa kuvieleza. Katika nchi ya mikoko kiwanja ni shida: palipo tambarare hufikiwa na maji ya bamvua, na palipo juu pana nyumba, minazi au mikorosho. Njia ni mito, na mito hufuata saa ya bahari, si saa ya ofisi. Mwanafunzi aliyetakiwa Kibiti asubuhi kwa mashindano ya wilaya ya shule za msingi au sekondari yampasa aondoke na maji ya usiku, pengine kwa nauli ambayo mzazi wake hana. Anayekosa maji hukosa mchujo, na anayekosa mchujo hakuna mwalimu wa Dar es Salaam atakayejua kwamba alizaliwa. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoharibu mashamba na makazi katika Rufiji na Kibiti, mpira haukuwa jambo la kwanza la kufikiriwa, na ilikuwa sawa. Lakini makazi yapangwapo upya ndipo viwanja hupatikana au hupotea moja kwa moja.

Kwa hiyo tunayo maombi matatu kwa waheshimiwa viongozi. Kwanza, afisa michezo aende visiwani badala ya visiwa kumfuata yeye. Mchujo mmoja kwa mwaka ufanyike ndani ya Delta, siku yake ikipangwa kwa kuangalia maji na si kalenda ya ukutani tu, na mafuta ya boti yaingizwe katika bajeti kama yanavyoingizwa mafuta ya gari. Pili, kila serikali ya kijiji ipime kiwanja cha michezo mahali pa juu, ikiandike katika mpango wake wa matumizi ya ardhi, na mtu asikigawe kwa urafiki. Ardhi ya kiwanja kwa watoto wa kike na wa kiume ni moja. Twiga Stars nao wamefika fainali za Afrika, na mabinti wa Delta wana miguu kama wengine. Tatu, Shirikisho la mpira wa miguu na Baraza la Michezo la Taifa wawaeleze wananchi, kila kocha anapoajiriwa na kila anapoachishwa, kwa sababu gani. Anayetakiwa kushangilia ana haki ya kuelezwa.

Na kwa ndugu zetu wa barazani tuna ombi moja tu. Endeleeni kubishana, lakini mkumbuke ni nani anayesikiliza. Pembeni ya kila baraza yupo mtoto wa miaka 12 mwenye mpira wa makaratasi kwapani. Anajifunza kutoka kwenu malipo ya kwenda mbele. Akisikia kila usiku kwamba aliyefika timu ya taifa akakosea mara moja huitwa takataka maisha yake yote, atakata shauri kwamba salama ni kubaki nyumbani, naye atakuwa na akili timamu kwa kufikiri hivyo. Tutakuwa tumempoteza bila hata kumpima.

Taifa lisilokuwa na mchezaji mbaya hakuna duniani. Lakini taifa linalojua kumtofautisha aliyekosea na aliyesababisha lipo, nalo huonekana kwa maswali yake. Usiku wa leo, majina yatakapoanza kutajwa, mmoja asimame aulize: kinyozi alikuwa nani, na sisi jamaa tulikuwa wapi?